Mtihani wa Daraja la Tela

Mtahini aliisogeza koni ya mwisho ndani kwa mguu, akarudi nyuma kuitazama, akaisogeza tena.

"Dada, hapo hata mimi sipiti," mtahini mwenzake alimnong'oneza. "Kama unamwangusha, mwangushe kistaarabu. Sheria inataka nafasi pana kuliko hiyo."

"Atapita hapo hapo nilipoweka."

Mwenzake akamwacha. Alijua habari yote, na angekuwa yeye, angemfelisha yule mtu kabla hajawasha gari.

Yule mtu alikuwa amesimama kando ya kichwa cha tela, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka kwenye mikono. Madereva wenzake walimwita Msafi. Daraja la tela alilitaka kwa kufa na kupona: kampuni moja ya ng'ambo ilishamkubali, kilichobaki ni leseni tu. Yeye hakumjua mtahini. Mtahini alimjua vizuri mno.

Huyu ndiye aliyesimama mahakamani, hana haya wala soni, akasema alimwona mdogo wake mtahini akirudisha tela kwenye geti la yadi ya tajiri wao alfajiri, akambana mlinzi ukutani mpaka akafa, kisha akakimbilia ndani. Mdogo mtu alilia akisema siku ile alikuwa amelala. Nani angemsikia? Yadi ile ilikuwa na madereva wawili tu. Leseni ya mdogo mtu ilikuwa na daraja la tela, ya Msafi iliishia kwenye lori, na Msafi aliapa kwamba usukani wa tela hajawahi kuushika. Sasa kijana ambaye mtahini alimlea mwenyewe tangu mama yao afariki, anakohoa gerezani, na huyu anapiga pasi mashati! Mtahini aliomba kuhamishiwa kituo hiki akijua kwamba ipo siku atakuja. Leo kajileta mwenyewe.

Walipanda. Nyuma ya viti, kwenye kitanda wanacholalia madereva wa safari ndefu, alikuwa amekaa bwana mmoja mnene aliyevaa kofia.

"Huyu yuko na mimi," mtahini alisema. "Tuanze na maswali. Lori la mchanga, ekseli mbili, halivuti kitu?"

"Daraja la lori, mama."

"Likivuta kijitela cha jenereta?"

"Kikiwa chepesi, la lori linatosha. Kikizidi uzito, lazima daraja la tela."

"Na hili tulilokalia?"

"Hili tela kamili, mama. Ukiliendesha kwa leseni ya lori unatafuta jela." Akacheka kicheko cha tumboni.

Mtahini alitamani kumzaba kofi la kumwaga meno. Badala yake alionyesha kioo cha pembeni, koni zile mbili zikionekana kwa mbali.

"Rudisha. Liingize pale katikati."

Hapo ndipo wengi wanapolia. Ukitaka tela lirudi likielekea kushoto, usukani unaukata kulia, na mwanafunzi hata afundishwe vipi, mikono yake itakataa. Atalikunja, atasimama, ataenda mbele, atatoka jasho, ataanza upya. Msafi hakuhangaika. Alitupa jicho moja kulia, moja kushoto, akaukata usukani kwa kiganja kimoja, na lile dude lote likateleza kinyumenyume hadi ndani. Hakuna koni iliyotikisika. Kule nje mtahini mwenzake alishika kichwa.

Breki za upepo zikapumua. "Umeona mambo, mama?"

"Nimeona. Umebahatisha."

"Eti?"

"Chuoni umesoma majuma mawili. Mtu wa majuma mawili hapiti hapo. Hiyo ni bahati, na mimi bahati siipi leseni. Shuka, urudi mwakani."

Uso wa Msafi ulisawijika. Mtahini alimtazama akihangaika, na moyoni, tuseme ukweli, alisikia raha. Acha ahangaike. Acha ajue ladha yake.

"Mama, usinifanyie hivyo! Nimeshauza vyombo vya ndani. Watu nimeshawaaga!"

"Nimesema shuka. Hujui tela wewe."

Afadhali angemtukania ukoo wake wote. Kiburi kikampanda Msafi kichwani, akapiga usukani kwa ngumi.

"Mimi sijui tela? Mimi? Kamuulize tajiri wangu wa zamani! Geti la yadi yake lilikuwa jembamba hivi hivi, na tela lake nikilitoa mimi kinyumenyume!"

"Acha kunifanya mtoto. Wewe ulikuwa na leseni ya lori. Dereva wa tela alikuwa mwingine."

"Dereva gani, mama? Yule kazi yake kukoroma! Funguo alinipa tajiri mwenyewe. Kila alfajiri nililitoa mimi, jamaa yuko kitandani. Hakuna hata siku moja aliyoligusa kabla ya jua kutoka. Hata moja!"

Mtahini alitoa kalamu. Kisha akaandika, akatia sahihi, na kumkabidhi karatasi.

"Haya. Umefaulu."

Msafi aliipokea kwa mikono miwili, meno yote nje. "Mungu akuzidishie, mama! Nilijua una moyo wa mzazi."

"Leseni ya tela ameipata, afande," mtahini alisema, akimgeukia yule bwana wa kofia. "Sasa mpe na kesi yake."