Faru Mwenye Pembe za Ng'ombe

Patrisi alimwinua yule mdoli juu, kichwa kipara kama yai. Alikuwa amemficha kabatini kwa ajili ya kesho, siku ya kuzaliwa ya binti yake. Nywele zote sasa zilikuwa shingoni mwa simba wa udongo, pale dirishani.

"Hivi wewe mtoto una nini?" alifoka. "Mwaka jana gari la betri, ukaling'oa magurudumu. Leo huyu! Nikununulie nini basi, jiwe?"

"Simba alikuwa hana manyoya, baba," binti alijibu bila kuinua macho. Vidole vyake, vyekundu kwa udongo, vilikuwa vinabandika pembe kwenye kichwa cha mnyama mnene.

"Na huyo ng'ombe gani?"

"Si ng'ombe. Ni faru."

Patrisi akasonya. Pembe zilikaa moja kushoto, moja kulia, juu ya masikio, kama za fahali wa jirani.

"Umemwona wapi faru wa namna hiyo?"

"Sijamwona. Wewe ulisema ana pembe mbili."

Patrisi akamshusha yule mdoli. Miaka nenda rudi alikuwa akiwateremsha watalii kwa gari hadi kreta, lile bonde la wanyama mlimani, akiwaonyesha faru watu waliotoka ng'ambo. Nyumbani alileta midoli.

"Nawa ukalale," alisema kwa ukali. "Alfajiri uwe umeshavaa sweta, kule juu kretani kuna baridi. Na huo udongo nisiuone kwenye gari langu!"

Akafika mlangoni, akageuka.

"Haya, uchukue. Lakini kidogo."