Buku Avuka Tope

Panya Buku alikuwa na dada mgonjwa ng'ambo ya bonde la tope, na kila asubuhi alimpelekea chakula. Alichapua miguu mbiombio, akateleza palepale, na alipofika alilala hoi bila kusema neno.

Siku moja Fisimaji alimwambia, "Ndugu yangu, miguu yako ina kasi, ila tope unaligusa tu. Lisukume mpaka mguu unyooke, kisha tulia likubebe."

Buku aliona huo ni uvivu, lakini alijaribu. Alisukuma, akaserereka, akasukuma tena, akafika jua halijapanda.

Dada yake alikisogeza chakula kando.

"Leo una pumzi, kaka. Kaa basi, tuzungumze. Siku zote nilikuwa nakungoja wewe, si chakula."