Koo Linawaka Kiwandani

"Ladha ipo, dada. Tena ipo sana!" alisema fundi wa kushona kola, akiwa simuni, akavuta kamasi kwa kishindo.

Msichana wa simu, ambaye wenzake walimwita Sikio kwa jinsi alivyowasikiliza watu bila kuchoka, aliendelea na maswali yake. Koo? Linawaka moto. Kiu? Usiseme, amemaliza jagi zima. Jasho? Shati limelowa chapachapa. Sikio akamtakia nafuu, akainuka na kuchoma pini nyekundu kwenye ramani ya ukutani, palepale penye kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Pini za hapo zilikuwa zimebanana mpaka hazina pa kukaa.

Mafua mapya yalikuwa yameingia mjini, na badala ya kungoja wagonjwa wajae hospitalini, ofisi ya afya iliwaomba watu wapige simu ya bure, waeleze wenyewe wanavyojisikia. Pini zikijaa mahali, gari la wapimaji linakimbilia hapo. Wazo lilikuwa la Sikio. Alikuwa amelipigania mpaka sauti ikamkauka.

Bosi wake, daktari, hakuliamini hata chembe.

"Mafua haya huiba ladha kabla ya kitu kingine chochote," alisema akiikodolea macho ramani. "Hawa wote ladha wanayo. Halafu ni ugonjwa gani huu unaopanda baada ya chakula cha mchana, jioni umekwisha? Wanatafuta ruhusa wakalale, binti yangu. Umewapa simu, nao wanakuchezea."

"Watu wakiulizwa kwa upole husema kweli, daktari."

"Haya, kesho kawapime. Ukikosa hata mgonjwa mmoja, keshokutwa naikata simu yako, na wapimaji wanarudi hospitalini."

Asubuhi iliyofuata mafundi walimpokea kwa shangwe.

"Kumbe ndiye wewe! Kwa sauti ile nilidhani ni mama mtu mzima," alisema fundi wa vifungo.

"Mwache, mwenzio alishaanza kutafuta mshenga!" akadakia mwingine, na cherehani zote zikasimama kwa vicheko.

Walipanga foleni, kila aliyepiga simu akaingizwa kijiti puani. Mpishi wao mzee, Babu Jiko, aliwatazama kutoka mlangoni pa jiko lake, mikono kiunoni.

"Na wewe je, babu?" Sikio aliuliza.

"Mimi nipimwe nini? Koo zima, kamasi sina, kiu sijui inafananaje. Wazee ndio vyuma, mjukuu wangu. Hawa vijana wako ni mikate ya jana."

Sikio akacheka. Ni kweli, Babu Jiko hakuwahi kupiga simu hata mara moja.

Majibu yalitoka kabla ya mchana. Wazima. Fundi wa kola mzima, fundi wa vifungo mzima, mpaka yule aliyelalamika kuliko wote, mzima kama kigongo.

"Hata mmoja?" daktari aliuliza simuni.

"Hata mmoja."

"Pole, binti yangu. Ulijitahidi." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi.

Sikio akajitupa kwenye benchi la kulia chakula. Aliwawaza watu wa mitaa ya mbali, ambao gari la wapimaji liliwahi kuwafikia kwa sababu tu mtu mmoja alikohoa akanyanyua simu. Kuanzia kesho watakohoa peke yao. Na yote hayo kwa kuwa aliwaamini mafundi hawa wenye maneno matamu. Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Kula kwanza, utalia ukishashiba," alisema Babu Jiko, akamwekea sahani ya maharage yanayofuka moshi.

Mafundi walikuwa wameshaketi. Ajabu, kelele zote za asubuhi zilikuwa zimekatika. Kila mmoja aliinamia sahani yake, kikombe cha maji mkono wa kushoto, leso mapajani.

"Mbona kimya?" Sikio alimnong'oneza fundi wa kola.

"Kula tu, dada, usije ukamuudhi. Mzee wetu tunampenda, lakini ana hasira za karibu. Aliyekikosoa chakula chake mwaka juzi alipewa sahani tupu wiki nzima."

Sikio akatia kijiko kinywani.

Chumvi ilimkaba, pilipili ikampanda puani. Koo likawaka. Jasho likamchuruzika mashavuni, kamasi zikafuata, akapapasa meza akitafuta maji kama mtu aliyepofuka. Alipokitua kikombe kikiwa kitupu, mafundi wote walikuwa wanamtazama kwa huruma.

Babu Jiko naye aliona kwamba mgeni wake ameacha kula. Akachota kijiko kizima kutoka kwenye sufuria ileile, akakizungusha mdomoni taratibu, akafumba macho, akameza. Kisha akatikisa kichwa kwa aibu.

"Nisamehe, mjukuu wangu, si bure umekishindwa. Maji matupu haya," alisema, akaufungua mkebe wa chumvi.