Karoti za Gabrieli

Kila asubuhi, kabla ya chai, Natalia, bibi shamba mgeni wa kijiji, aling'oa karoti za mstari mmoja wa majaribio na kuandika rangi zake daftarini. Alianzia mashariki. Kwa siku kumi zilikuwa za rangi ya chungwa tupu. Siku ya kumi na moja ikatoka moja nyeupe kama muhogo.

Aliishika muda mrefu. Kisha akakimbilia mstari wa mwisho magharibi, unaopakana na ua wa Mwenyekiti wa kijiji, akang'oa. Karibu zote zilikuwa nyeupe.

Kabla jua halijapanda, kijiji kizima, huku milimani juu ya Kidete, kilikuwa na habari. Mwenyekiti Onesphory alikuja na mgambo wawili.

"Hii ni hujuma," alisema. "Mbegu ya kijiji imechanganywa. Na mtunza mbegu ni nani?"

Wote walimtazama Paulina. Ndiye aliyechagua mizizi bora kila mavuno na kuirudisha ardhini, maana karoti huchanua na kuzaa mbegu mzizi wake mkomavu ukizikwa tena.

"Mumewe alinibishia mkutanoni, akakimbilia Mikumi," Mwenyekiti aliendelea. "Sasa mke anamalizia kazi. Leo hii atashuka Kilosa, polisi."

"Nichanganye nini, Ndugu Mwenyekiti?" Paulina aliuliza. "Ni kweli Gabrieli alikuwa na karoti nyeupe, urithi wa baba yake. Lakini mwaka juzi, siku aliyoondoka, aling'oa zote akazitia mkobani akazipande huko. Akasema anapitia kwako kuchukua barua ya kuhama. Hakuniachia hata moja ya mchuzi."

"Hata wewe mwenyewe alikuacha," mgambo mmoja alisema. Wengine wakacheka.

Natalia alikohoa. "Si mbegu... si mbegu zilizochanganywa."

"Sema kwa sauti, bibi shamba! Unanong'ona kama bi harusi," Mwenyekiti alisema.

Uso ulimwaka. Alitazama viatu vyake, kisha mikono ya Paulina iliyokuwa ikivuta ncha ya kanga, akajikaza.

"Zingechanganywa, nyeupe zingetapakaa kote. Lakini kila mstari ni watoto wa mama mmoja, nimewapanga vilevile mama zao walivyosimama mwaka jana. Weupe unazidi kadiri unavyosogea kwenye ua wako, Mwenyekiti. Nyeupe ina nguvu kuliko chungwa. Nyuki akileta chavua yake, mtoto hutoka mweupe, hata mama awe wa chungwa. Mwaka jana kulikuwa na karoti nyeupe iliyochanua nyuma ya ua huu."

"Kwangu haijapandwa karoti. Wala sizili."

"Lakini si yale maua, baba Theodory?" Hildegarda, mke wa Mwenyekiti, alikuwa ameegemea ua na beseni lake la vyombo. "Yaliyoota yenyewe mwaka jana, pale ulipofukia shimo la samadi mwaka juzi? Yakakaa wiki nzima yamejaa nyuki, ndipo ukayafyeka. Mimi nilidhani magugu."

Hakuna aliyecheka.

"Ingia ndani, mama," Mwenyekiti alisema.

"Kwani nimesema nini?"

"Ingia ndani."

Akamgeukia Natalia, na sauti yake ikawa ya upole kabisa. "Bibi shamba, wewe ni kijana. Kazi yako ni mboga. Pengine mbegu ilipeperushwa na upepo. Tumsamehe mama Paulina, yaishe. Turudi kazini."

Mgambo waliinua virungu vyao, tayari kuondoka. Paulina alifuta machozi, akaanza kushukuru.

Natalia hakusogea. Alifunga daftari. Alichukua jembe lililoegemezwa kwenye ua, na kwa mara ya kwanza tangu aje kijijini, hata waliosimama mbali walimsikia.

"Mama Paulina," alisema, "Gabrieli hakufika Mikumi."