Ufito wa Bingwa

Hakuwa na mashua, hakuwa na mke, wala hakuwahi kushinda shindano la uvuvi bwawani hata siku moja. Mzee Kalumuna alichojaliwa ni kuzijua fito za kuvulia. Ndiyo maana Rwiza, bingwa wa miaka minne, alimwandikia: "Kaka, safari hii nitashindana kwa chambo cha bandia chenye ndoana tatu. Ninunue ufito gani?"

Jibu alilijua: ulio laini, unaopinda hadi katikati, kwani mgumu humchana sangara mdomo akaponyoka. Lakini wivu ulimzidi nguvu.

Aliandika: "Nunua mgumu kabisa, mdogo wangu."

"Leo unatabasamu! Nani kafa?" dada yake aliuliza, akichambua mchele.

"Bado."

Akalamba bahasha, akaifunga, akaenda posta. Barua ilikwisha kuanguka ndani, lakini vidole vyake vilibaki mdomoni mwa sanduku.