Daktari Anayesikiliza

Simu ya mezani iliita, ikaita, mpaka ikachoka yenyewe. Daktari Sanyal hakuigusa. Macho yake yalikuwa kwa Sharbani, aliyekuwa akieleza habari za sikio la mwanawe.

"Umeona?" Hemprabha, mama mkwe wa Sharbani, alimnong'oneza. "Huyu ndiye daktari. Yule wenu wa hospitali anatibu simu, hatibu watu."

Yule wa hospitali, asubuhi ile, alimkatiza Sharbani kabla hajamaliza hata sentensi moja. Alichungulia sikio la kushoto la Tutul huku akiongea na simu yake, akasema ngoma ya sikio imevimba na nyuma yake kuna usaha, mtoto aanze antibayotiki leo hii, asiyetaka shauri yake. Kisha akaita mgonjwa mwingine. Kiti hakikuwahi hata kupata joto.

Cheti cha dawa kilikuwa mkobani, na dawa yenyewe haijanunuliwa. Hemprabha alikuwa ameweka sharti palepale kwenye lango la hospitali: kwanza Sanyal. Ukishamnywesha mtoto makali ya hospitali, Sanyal hamgusi tena, maana tiba yake ya homeopathi, ya matone yaliyozimuliwa kwa maji mara nyingi, haikai tumbo moja na dawa nyingine. Na hapa mjini Krishnanagar mke wa mtu anaweza kubishana na mama mkwe juu ya chumvi ya mchuzi wa samaki, lakini si juu ya homa ya mjukuu. Tutul alikuwa na miaka minne na hakuwa amelala tangu juzi. Sharbani aliogopa. Aliogopa kukosea huku, akaogopa kukosea kule, na dawa ilikuwa lazima iwe moja.

Basi wakaja kwa Sanyal. Kabati la vichupa lilifika darini. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu baba yake, daktari mwenzake, iliyovishwa shada la maua mabichi. Nje benchi lilijaa. Watu hawakuja kwa ajili ya vidonge tu, vile vyeupe vya sukari, vidogo kama mtama. Walikuja kusikilizwa. Sanyal alikupa muda wako wote. Hakukatizi, hatazami saa, hageuki hata msafara wa harusi ukipita chini ya dirisha na matarumbeta yake. Alikuwa na taratibu zake tu: ukae uso ukielekea mwangaza, ushushe upindo wa sari usikuzibe mdomo, useme polepole. Ugonjwa, alisema, huonekana usoni kabla ya kuonekana mahali pengine.

"Akilia, anataka abebwe au aachwe?" aliuliza. Sauti yake ilikwenda mstari mmoja, bila kupanda wala kushuka, kama ya mtu anayesoma kitabu cha dini.

"Abebwe. Nikimweka chini tu, ananipiga."

"Kwa mkono upi?"

Sharbani ilibidi afikiri. "Wa kulia."

"Maji anaomba?"

"Haombi kabisa."

"Ana hasira?"

"Hiyo kairithi kwa mama yake," Hemprabha alidakia, kiganja mdomoni.

Nilima, mke wa daktari, aliyekuwa mlangoni akipanga foleni, alicheka mpaka akajifuta machozi. Daktari hakucheka. Alikuwa akingoja jibu la Sharbani.

Maswali yaliendelea. Analalia upande gani? Shuka analitupa au analikumbatia? Kilio chake cha mchana kinafanana na cha usiku? Sharbani alijibu moja baada ya jingine, na kila jibu lilipokelewa kwa macho yasiyopepesa. Tangu juzi hakuna aliyemwacha amalize kusema, si mumewe, si yule wa hospitali. Moyo ulianza kumtua. Mtu anayekusikiliza hivi, aliwaza, atakosaje kujua? Alianza kuona aibu kwa kile cheti kilichokuwa mkobani.

"Marehemu baba yake alikuwa hivihivi," Hemprabha alisema akiitazama picha. "Sindano haikuwahi kuvuka mlango huu. Watoto wake wote wamelelewa kwa vidonge hivi."

"Wote," Nilima aliitikia.

Daktari aliinuka, akawapa mgongo, akaanza kudondosha dawa kwenye kichupa chenye vidonge. Hapohapo maumivu yakampanda Tutul. Alipiga yowe lililowaamsha mbwa wa uchochoroni, na mzee mmoja kwenye benchi akauliza ni nani aliyefariki. Mkono wa daktari haukutikisika. Tone moja, likafuata jingine.

"Chuma yule," Hemprabha alisema, masikio kayaziba. "Hababaishwi na kitu."

Sharbani alimpakata mtoto, akamfuta machozi. "Daktari, na homa ikipanda tena leo, nifanyeje?"

Daktari alikifunga kichupa, akakitikisa.

"Daktari! Nauliza, homa ikipanda?"

Daktari alikiinua kichupa kwenye mwanga, akakitazama bila haraka.

Nilima alitoka mlangoni, akamgusa mumewe begani ili ageuke. Kisha akamwambia Sharbani kwa upole, kama anayemwonyesha mgeni pa kuweka viatu:

"Msemeshe akiwa anakutazama, mwanangu. Huyu hata radi haisikii, tangu ana miaka sita. Lilianza sikio la kushoto, kama la huyu wako, na baba yake akamtibu mwenyewe."