Jogoo wa Shaba wa Nguchiro

Hivi wewe, ukisikia unasifiwa kama marehemu, utanyamaza?

Nguchiro, fundi shaba, alifua jogoo wa kuonyesha upepo juu ya paa, lakini kwa kuwa jogoo aling'aa upya na wanunuzi walitaka vya kale, hakuna aliyemtaka. Akamfukia kwenye samadi na chumvi hadi akaota kutu ya kijani, ndipo akampeleka sokoni.

Komba, mkusanyaji wa vya kale, akapandisha miwani. "Wa Marekani huyu, miaka mia na ushei! Fundi wa leo ataweza wapi? Aliyemfua angekuwa hai, ningempa mapaa yangu yote ayawekee majogoo."

Kama angenyamaza, Nguchiro angemuuza jogoo mmoja, na fundi angebaki kaburini.

"Bwana Komba," akasema, "aliyemfua ni mimi, mwezi uliopita. Huo uzee nimemtia kwa samadi."